KUTANDIKA SITAHA YA JAHAZI LA MFANO: SOMO LA UFUNDI KWA DARASA LA TANO

Utangulizi

Mtoto wa Unguja aliyekulia karibu na pwani huanza kuunda vyombo kabla hajajua kusoma. Kumbi la nazi, kijiti cha mlingoti na kipande cha mfuko humtosha kupata dau la kuliachia mashindanoni maji yakijaa. Mtoto huyo huyo akiingia darasani, mara nyingi humkuta mwalimu akimchorea jahazi ubaoni kana kwamba hajapata kuliona. Makala haya yanakusudia kuwasaidia wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha walitumie somo la kazi za mikono kwa njia iliyo bora zaidi. Tumechagua sehemu moja tu ya kazi hiyo, yaani kutandika mbao za sitaha, kwa sababu ndani yake hukutana ufundi, hisabati na sayansi, na pia kwa sababu ndipo sisi wenyewe tulipokosea.

Kosa letu

Tulipokuwa wanachuo tulipelekwa katika shule moja ya kaskazini ya kisiwa. Tulitaka kumpendeza mkaguzi, tukaamua kuonyesha jahazi la mfano lenye sitaha iliyokamilika. Mbao za makasha tulizipata wakati wa masika, nazo zilikuwa zimenyeshewa. Tukazipasua vibao siku ile ile, tukavigandisha kwa gundi, kimoja kikibana kingine. Kijana mmoja, ambaye kwao ni waunda vyombo, alinyosha mkono akasema kwamba mbao hizo bado mbichi na kwamba zitaachana. Tulimwambia anyamaze na afuate maelekezo.

Baada ya wiki chache mvua zilikwisha na mbao zikakauka. Siku ya ukaguzi kila mwanya wa sitaha ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha ukucha. Jambo hilo lilituaibisha, lakini lililotuumiza zaidi ni kwamba kijana yule hakunyosha mkono tena mpaka muhula ukaisha. Sitaha tuliweza kuibandua na kuitandika upya; imani ya mwanafunzi haibanduliki na kurudishwa kwa urahisi namna hiyo.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kwanza

Kabla ya kufundisha, mwalimu na aende akaone. Katika Mji Mkongwe aende bandari ya Malindi, yanakofunga majahazi. Akiwa kaskazini aende Nungwi, ambako vyombo vinaundwa ufukweni mpaka leo. Hapo atajifunza majina: mkuku, ulio uti wa mgongo wa chombo, mataruma, yaliyo mbavu zake, omo, yaani mbele, tezi, yaani nyuma, na ngama, yaani tumbo la ndani. Ataona pia kwamba jahazi la mizigo kwa kawaida halifunikwi sitaha mwanzo hadi mwisho. Sitaha huwekwa omo na tezi, na katikati huachwa wazi kwa ajili ya shehena. Mwalimu anayefunika jahazi lote kwa kupenda umaridadi atakuwa amefundisha uongo.

Yafaa pia awaeleze wanafunzi habari za mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga lake likawa la mkeka. Mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya mwaka 2003 na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 mbele ya Forodhani. Sehemu kubwa ya jumba hilo ilibomoka tarehe 25 Desemba 2020. Habari hii inatukumbusha kwamba makumbusho peke yake hayatoshi kuhifadhi elimu ya mababu. Elimu hiyo haina budi kukaa mikononi mwa watoto pia.

Vifaa

Mbao nyembamba za makasha, zilizoanikwa kivulini muda wa kutosha. Gundi ya mbao. Rula, penseli, kisu kikali, msumeno mdogo, jani la msasa na vibanio vya nguo. Mahali pasipo na mbao, vijiti vya aiskrimu vilivyooshwa vitafaa. Visu visizidi viwili kwa kila kundi, na mwenye kukata akate akiwa amekaa, kibao kikiwa juu ya meza, wala si mkononi.

Hatua ya kwanza: Vipimo

Tuchukue jahazi lenye urefu wa mita 15. Tukilipunguza mara 25, mfano wetu utakuwa na urefu wa sentimita 60. Ubao wa sitaha wenye upana wa sentimita 20 utakuwa kibao cha milimita 8. Wanafunzi wafanye hesabu hizi wenyewe, kila kundi katika daftari lake, kabla kisu hakijaguswa.

Sitaha ya tezi katika mfano wetu ina urefu wa sentimita 24, na upana wa milimita 160 mahali ilipo pana zaidi. Hapa mwalimu aulize: je, tuanze kwa kuweka kibao kimoja juu ya mstari wa katikati, au tuanze na vibao viwili vinavyokutana juu ya mstari huo? Wanaochagua njia ya kwanza watabakiwa na milimita 76 kila upande, yaani vibao 9 na nusu, kwa hiyo itawapasa kupasua kibao cha mwisho. Wanaochagua njia ya pili watapata milimita 80, yaani vibao 10 kamili kila upande. Njia zote mbili ni sahihi. Faida ya swali ni kwamba mwanafunzi ameona matokeo ya uamuzi wake kabla ya kuutekeleza.

Kwa njia ya pili tunahitaji safu 20 za sentimita 24, yaani sentimita 480. Tukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya hasara tutapata sentimita 528, ambazo ni vibao 33 vya sentimita 16. Kwa kuwa tezi hupungua upana kadiri inavyokwenda nyuma, vibao vya kandoni vitachongwa kufuata ubavu wa chombo, na baadhi ya vipande vitabaki.

Hatua ya pili: Mihimili

Sitaha hukaa juu ya mihimili iliyolazwa kutoka ubavu hadi ubavu. Katika mfano wetu iwe 7, umbali wa sentimita 4 kati ya mmoja na mwingine. Mhimili usiwe sawasawa kama rula. Katikati uinuke kiasi cha milimita 4, ili sitaha iwe na mgongo. Usiwaambie wanafunzi sababu yake. Kazi ikiisha, pakeni sitaha mafuta ya nazi, kisha mmiminie kijiko cha maji katikati. Maji yatakimbilia pembeni, na sababu watajisemea wenyewe.

Hatua ya tatu: Kutandika

Safu ya kwanza ianzie katikati, na kazi iendelee pande zote mbili kwa zamu, ili sitaha isivutike upande mmoja. Kabla ya kugandisha, mwanafunzi apitishe penseli nyeusi ubavuni mwa kila kibao. Mstari huo mweusi utasimama mahali pa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta ambayo fundi huishindilia kati ya mbao ili maji yasipenye.

Sasa tuangalie maungio, mahali ambapo ncha ya kibao hukutana na ncha ya kingine. Kanuni ni mbili. Kwanza, kila ungio liwe juu ya mhimili, maana ncha isiyo na kitu chini yake itainuka. Pili, maungio ya safu jirani yasiangukie mhimili mmoja. Mwanafunzi aliyemwona mwashi akipanga matofali ataielewa kanuni hii mara moja. Mpango ufuatao unafaa, kwa sentimita:

Safu ya 1: 16 na 8
Safu ya 2: 8 na 16
Safu ya 3: 12 na 12
Safu ya 4: 4, 16 na 4

Safu ya 5 hurudia ya kwanza. Kwa mpango huu, kati ya maungio mawili yaliyo juu ya mhimili mmoja daima patakuwa na safu tatu zisizokatika mahali hapo. Mpango usiandikwe ubaoni mapema. Wape wanafunzi karatasi ya mistari wautafute, kisha mlinganishe mipango ya makundi mbalimbali.

Hatua ya nne: Kwa nini mbao huachana

Ubao hunywa maji na kuyatoa. Ukilowa hutanuka, ukikauka husinyaa; nao hufanya hivyo zaidi katika upana wake kuliko katika urefu wake. Ndiyo sababu mwanya hufunguka ubavuni mwa kibao. Ndiyo sababu pia chombo kilichokaa ufukweni muda mrefu huvuja siku za mwanzo kinaposhushwa majini, mpaka mbao zilewe maji na kubana. Wanafunzi wapime upana wa kibao kilicholowekwa usiku kucha, kisha wakipime tena baada ya kuanikwa wiki moja, na waandike tofauti watakayoiona.

Namna ya kuendesha somo

Vipindi vinne vya dakika 40 vinatosha: kimoja cha vipimo, kimoja cha mihimili na viwili vya kutandika. Makundi yawe ya watu watano, wavulana kwa wasichana, na kazi za kupima, kukata na kugandisha zibadilishwe kila kipindi. Jihadharini na kishawishi cha kumaliza kazi wenyewe jioni ili ipendeze siku ya maonyesho. Sitaha iliyopinda kidogo, iliyotandikwa na watoto, ina thamani kuliko iliyonyooka, iliyotandikwa na mwalimu nao wakitazama.

Tangu mwaka ule, kila tunapoanza somo hili huuliza: "Nani kwao wanaunda vyombo, au wanasafiri navyo?" Wanaonyosha mikono huombwa wazikague mbao kabla hazijapasuliwa, na wakisema bado mbichi tunasubiri. Nanyi mtakapokwenda mazoezini, ulizeni swali hilo kwanza, kisha wapeni muda wa kujibu.