Kutangulia si kufika: safari ya mtapiko wa Jua

Msomaji wetu wa Rulenge, wilayani Ngara, anauliza: ikiwa nuru ya Jua hutufikia kwa dakika nane na kidogo, iliwezekanaje dhoruba ya Jua ya Mei 2024 kutangazwa kabla haijafika?

Iliwezekana kwa kuwa Jua hutoa vitu viwili. Mlipuko ni mwako wa nuru na eksirei. Huo ndio wa dakika nane. Wingu la plazma lenye sumaku yake, ambalo uzito wake unaweza kufika tani bilioni moja na zaidi, mimi naliita mtapiko, maana hapo Jua linatoa mwili wake. Mtapiko huenda kilomita 250 hadi 3,000 kwa sekunde, nao una kilomita milioni 150 za kuvuka.

Uhondo uko njiani. Anga hiyo si tupu: upepo wa Jua umeijaza. Fikiria watu wanaokata nyika ya Rulenge alfajiri ya masika, nyasi zikiwafika kifuani. Wa kwanza ndiye anayezilaza na kulowa umande, kila hatua kwa kusukuma. Wa pili anakuta njia. Wa tatu anaweza hata kukimbia, akamkumba wa mbele mgongoni. Mwishowe wote wanatokea barabarani pamoja, wamebanana, ingawa kila mmoja alitoka kwake kwa saa yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia Mei 8, 2024, eneo la madoa ya Jua liitwalo AR 3664 lilitapika mara kadhaa mfululizo. Mitapiko ya nyuma ikaipata ya mbele, ikafika imerundikana Mei 10, kama saa 2 usiku kwa saa za Tanzania. Dhoruba ikapanda hadi daraja la juu kabisa, G5, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Hata zamani ilitokea: Agosti 4, 1972, mtapiko uliokuta njia imekwisha kulazwa na wenzake ulifika kwa saa zisizozidi 15. Sumaku ya Dunia ikatikisika hata mabomu ya baharini ya Marekani yakalipuka yenyewe pwani ya Vietnam.

Sumaku ya mtapiko ikielekea kusini, madhara huzidi. Rulenge, karibu na ikweta, haikuona mianga ya angani ya Mei 2024, iliyoonekana hadi Afrika Kusini, lakini tabaka la juu la anga huvurugika hata kwetu, na GPS ya mpima ardhi inaweza kupotoka.

Satelaiti iliyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa huupima mtapiko ukiwa umebakiza chini ya saa moja. Kabla ya hapo, anayekadiria saa ya kufika hana budi kujua kwanza ni mitapiko gani iliyotangulia.