Nailoni Si Mfuniko wa Wali

Mama mwenzangu, siku moja tulikuwa jikoni tunapika chakula cha msiba. Wali ulipokaribia kukauka, dada mmoja alichukua mfuko wa nailoni, akaufunika juu ya sufuria ili mvuke usitoke. Nilipomuuliza, alinijibu, "Nesi, hivi ndivyo unavyoiva upesi." Sikumlaumu. Hata mimi niliwahi kumfungia mwanangu maandazi ya moto katika mfuko kama huo.

Hatari iko wapi?

Plastiki huchanganywa na kemikali za kuilainisha na kuitia rangi. Ikikutana na joto na mafuta, baadhi ya kemikali hizo huhamia kwenye chakula. Zimo zinazoweza kuvuruga homoni za mwili, na watoto wadogo na mama wajawazito ndio wa kulindwa kwanza. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya plastiki vya vyakula vya viwandani havikuguswa. Kwa hiyo nailoni bado imo majumbani mwetu.

Nailoni ya muhogo

Wataalamu sasa wanatengeneza karatasi angavu, nyembamba kama nailoni, kutokana na mimea. Wanga wa muhogo au mahindi hupikwa na maji hadi uwe mzito kama uji, ukitiwa gliserini kidogo, ile ile tunayopaka kwenye ngozi. Kisha humwagwa, hutandazwa na kukaushwa. Bila gliserini ingepasuka kama chapati iliyokauka. Nyingine hutokana na mwani, kama ule unaolimwa na akina mama wa Zanzibar. Mwaka 2019, katika mbio za marathoni za London, wakimbiaji walipewa kinywaji ndani ya vifuko vya mwani vinavyolika.

Karatasi ya wanga ina udhaifu wake: hunyonya maji na kulainika. Inafaa zaidi kwa vitu vikavu, si kwa mchuzi.

Usidanganywe na jina

Iko pia plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi iliyochachushwa. Vikombe vyake huandikwa kwamba vinaoza. Ni kweli, lakini huoza vizuri katika lundo kubwa la mboji lenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukikitupa mtaroni au baharini, kinaweza kukaa miaka. Tena vingi vyake hulegea kwenye joto hilo hilo, hivyo chai ya moto haivifai. Ukiona neno "inaoza," uliza: inaoza wapi, na kwa muda gani?

Nyumbani tufanyeje?

1. Funika wali kwa mfuniko unaobana, au kwa jani la mgomba. Baganda hupika ndizi zao ndani ya majani hayo.

2. Jani lioshe vizuri, lipitishe juu ya moto ili lisipasuke, kisha lifungie chakula. Likitumika, mpe mbuzi au litupe shambani.

3. Chakula cha shule kiwekwe katika kontena la chuma. Maandazi yakishapoa, yafunge kwa kitambaa safi.

4. Usirudie kutumia mfuko uliobebea sabuni au dawa kwa kuwekea chakula.

Yule dada siku hizi anatangulia kukata majani ya mgomba kabla moto haujawashwa, na wali wake unaiva vilevile.