KUULEA MBUNI: SHAURI LA KIMO NA MATAWI KWA WAKULIMA WA KASULU NA KIBONDO



Mbuni ulioachwa ukue upendavyo hauridhiki na kimo cha mtu. Aina ndefu za arabika, kama zile za zamani ziitwazo N39 na KP423, zaweza kupita futi 15 zisipokatwa. Shamba la namna hiyo lajulikana kwa mbali, liwe katika vilima vya Manyovu au vya Heru Juu: chini ni mashina matupu kama miti ya kujengea, na juu kabisa ni kishungi cha majani ambamo kahawa imejificha. Siku ya kuchuma, mama huvuta shina kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mkono wa pili. Shina likivunjika, mavuno ya mwaka ujao yamekwenda nalo. Na zile buni zilizo juu zaidi huachwa zikaukie mtini.

Wenye mibuni hiyo huniuliza habari za mbolea. Mbolea yafaa, wala siikatazi. Lakini ukiutia mbolea mbuni usiokatwa, utaongeza kimo kabla hujaongeza vikapu. Anza na kisu, na kabla ya kisu anza na macho.

Yakupasa kujua kwamba mbuni una matawi ya namna mbili, na namna moja haigeuki kuwa nyingine. Ya kwanza ni yale yasimamayo: shina lenyewe, na maotea yachipukayo shinani au kisikini. Kazi yake ni kupanda juu. Ya pili ni matawi ya ubavuni, yatokayo mawili mawili, moja huku na moja huku, kila penye kifundo cha shina. Hayo hulala, nayo ndiyo yazaayo. Ukikata tawi la ubavuni na kulipanda kitaluni, laweza kutoa mizizi na kuishi, lakini litatambaa tu. Halitasimama kuwa mbuni hata ulingoje miaka mingi. Ndiyo sababu watu wazalishao miche ya kahawa kwa vipande vya matawi huvikata katika maotea peke yake.

La pili la kujua ni zito zaidi, na wengi hawaambiwi. Katika kila kwapa la jani la shina, tawi la ubavuni hutoka mara moja tu. Ukilikwanyua hapo lilipoungana na shina, halirudi. Litakalotoka mahali pake ni otea, na otea latafuta jua, halitafuti kuzaa. Basi mtoto avunjaye matawi ya chini akichezea shambani, au mbuzi ayatafunaye, ameacha pengo ambalo halitajazwa mpaka shina lote libadilishwe. Lakini tawi hilohilo likikatwa mbele kidogo, vifundo vichache vikabaki, litatoa vitawi vyake, na hivyo navyo vitazaa.

La tatu ni hili: tawi huzaa penye mti mchanga uliokua msimu uliopita. Palipozaa mwaka huu hapatazamiwi kuzaa tena kwa wingi. Kwa hiyo kahawa husafiri. Kila mwaka yasogea mbali na shina kufuata ncha za matawi, na kila mwaka yapanda juu kufuata kilele. Asiyekata huifuata kahawa yake hewani. Akataye kwa akili huirudisha chini.

Sasa tuseme habari ya kimo. Mbuni wapaswa kuwa mrefu kiasi gani? Mimi nasema uupime kwa mkono wa yule aliye mfupi kati ya wachumaji wako. Akisimama wima na kunyoosha mkono, hapo ndipo kilele kikomee. Kwa watu wengi ni kati ya futi 5 na nusu na futi 6. Nako chini, ondoa matawi yaliyo karibu na ardhi, futi moja hivi, maana matope ya mvua huyarukia na buni zake huchafuka.

Kuna njia mbili za kuulea mti ufike hapo na usipite. Njia ya kwanza ni ya shina moja. Mche ukifika kama futi 2 na nusu, hukatwa kilele. Otea moja la juu huachwa liendelee, nalo hukatwa penye futi 4. Kisha mara ya mwisho penye kimo nilichokitaja. Kila kilele kikatwapo, nguvu hugeukia matawi ya ubavuni, yakanenepa na kutoa vitawi. Mti kama huo wapendeza macho, umekaa kama mwavuli. Lakini wataka mkono uliofundishwa, tena kila mwaka: kuondoa vitawi vilivyo ndani, inchi 6 kutoka shinani, ili jua lipenye, kuondoa yaliyopandana na yaliyochoka, na kung'oa maotea daima. Ukiuacha miaka miwili tu, huwa kichaka, na kuurudisha ni kazi ngumu.

Njia ya pili ni ya mashina mengi. Mche ukatwe ungali mdogo, penye inchi 15 hivi, usawa wa chini ya goti. Utachipua maotea kadhaa. Uyachague mawili, au matatu iwapo nafasi ni futi 9 kwa 9 (nafasi hiyo huchukua mibuni 540 hivi katika eka moja). Mashina hayo hukua pamoja na kuzaa miaka mitano au sita. Yakishakuwa marefu mno, hayakatwi kidogo kidogo juu, bali huondolewa mazima, na mengine machanga hushika mahali pake.

Kwetu Buha mimi naipendelea hii ya pili, na sababu yangu ni ya nyumbani kuliko ya mti. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuajiri vibarua iliyoitwa SILABU, na wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda Tanga na kwingineko kuwa manamba. Zama za manamba zimekwisha, ila desturi ya mwanamume kutoka kwenda kutafuta fedha mbali haijatuacha. Shamba hubaki kwa mama na watoto, pamoja na maharagwe, mahindi na migomba. Mti utakao kisu cha fundi kila mwaka haufai nyumba ya namna hiyo. Mti wa mashina mengi husamehe; kosa la mwaka huu huondoka na shina lake. Mwenye mibuni michache karibu na nyumba, naye ni hodari wa mkasi, na afuate shina moja kama apenda.

Najua mahali ambapo ushauri huu hugota. Ni pale penye msumeno. Mtu amesikiliza yote, amekubali, lakini akiushika msumeno mbele ya mbuni aliouacha baba yake, mkono hauendi. Wala sio ujinga. Mbuni ule umelipa ada ya shule, na kisiki hakilipi kitu mwaka huo. Hesabu yenyewe ni hii: ukikata kisiki mwanzo wa mvua, mwaka wa kwanza huvuni, mwaka wa pili waonja kidogo, mwaka wa tatu mbuni waanza kukurudishia. Nyumba ipi yaweza kungoja hivyo?

Basi usikate shamba zima. Ukiwa na mibuni 120, kata 40 mwaka huu, 40 mwaka ujao, na 40 mwaka wa tatu. Anza na ile mibovu kuliko yote, ambayo hata sasa haikupi kitu cha kujutia. Mwaka ukatapo fungu la tatu, fungu la kwanza litakuwa laelekea kuzaa. Ufuate mistari mizima, usirukeruke mti huku na mti kule, maana kisiki kilichozungukwa na miti mirefu hakipati jua, na maotea yake huwa membamba kama nyasi. Huko Hawaii pia wako wakulima wakatao mistari mizima kwa zamu. Na ile ardhi iliyofunguliwa jua katikati ya visiki, panda maharagwe, lakini usiyasogeze karibu na visiki. Hayo ndiyo yatakayokula nafasi ya kahawa jikoni kwako mwaka ule wa njaa ya fedha.

Mti uliozeeka sana usiukate mashina yote kwa siku moja. Acha shina moja dogo lenye majani, liwe la kuulisha mzizi mpaka maotea yashike. Likiisha kazi yake, nalo liondoke.

Wakati wa kupogoa ni baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba na Novemba kuufungua mti maua. Visiki, kama nilivyosema, vingoje mvua ianze. Tumia msumeno na mkasi wenye makali. Panga lapasua kisiki, na penye ufa maji huingia na kuoza. Kata kwa mshazari, inchi 12 hadi 15 kutoka ardhini, maji ya mvua yateremke yasituame juu.

Kwa habari ya wadudu na magonjwa nitasema machache. Kutu ya majani haiotei jani kavu. Yataka tone la maji likae. Mbuni uliofunguka hukauka mapema asubuhi, kichaka hubaki kimelowa. Vivyo hivyo kunguni wa kahawa hupenda giza la majani yaliyosongamana. Jirani zetu wa Burundi, na Rwanda pia, wanasumbuliwa na kahawa yenye harufu ya kiazi kibichi, kasoro ambayo imehusishwa na kunguni huyo. Kupogoa ni mojawapo ya njia wanazoshauriwa. Tangu mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania imetoa aina zistahimilizo kutu na chulebuni. Taasisi hiyo ina kituo kidogo Mwayaya, katika wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Usidhani, hata hivyo, kwamba aina ngumu haihitaji kisu. Yaweza kuepuka kutu, ikafa kwa uzazi: mti usiopogolewa hubeba buni nyingi mwaka mmoja kupita nguvu za majani yake, ncha za matawi zikakauka, na mwaka ufuatao hauna kitu.

Limesalia jambo la maotea ya kisiki, nalo ndilo liharibulo kazi ya wengi waliokwisha kushinda hofu ya msumeno. Kisiki kitachipua pande zote, pengine maotea kumi au zaidi, na yatapendeza kwa ubichi wake. Yaache mpaka yafike urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole, ndipo uyaone yapi yana nguvu. Chagua matatu yaliyotoka chini kidogo ya mahali ulipokata, yaliyoachana pande mbalimbali za kisiki. Lililotoka ukingoni kabisa huvunjika kwa upepo. Lililotoka karibu na ardhi hulowa matope. Mengine yote yang'oe kwa mkono yangali laini, usiyakate kwa kisu, maana yaliyokatwa huchipua tena. Baada ya hapo pita shambani kila mwezi mvua inaponyesha na kuyaondoa yatokayo upya. Watoto waweza kuifanya kazi hiyo, ukiisha kuwaonyesha yale matatu yasiyoguswa. Yafungie uzi wa mgomba ili wasikosee.