Marekani: Wanaofuata tufani wakati wengine wanaikimbia

Huku kwetu Kivu, radi ikianza kupiga tunafunga madirisha na kuzima telefone. Kwenye tambarare za Oklahoma na Kansas, Marekani, kuna watu ambao saa hiyo ndipo wanawasha gari na kuelekea kule wingu liliko, kamera mkononi.

Wanachotafuta kinaitwa supaseli, tufani kubwa ambayo hewa yake inapanda juu huku ikijizungusha. Inazaliwa hasa mwezi wa tano na wa sita, wakati hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico inakutana na hewa kavu ya magharibi, na huko juu upepo mkali unabadilisha mwelekeo. Upepo wa namna hiyo ndio unaokosekana sana huku karibu na ikweta. Kwa radi, hatuna cha kuwaonea wivu: utafiti wa satelaiti wa 2016 uliweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela.

Mpiga picha mzoefu haingii chini ya wingu. Kwa kuwa tufani hizo mara nyingi zinasogea kaskazini-mashariki, yeye anasimama kusini-mashariki yake, na barabara ya kutorokea anaijua kabla ya kutoa kamera. David Hoadley alianza kazi hii 1956, bila rada ndani ya gari. Leo rada iko kwenye telefone, lakini picha yake inaweza kuchelewa dakika kadhaa.

Dakika hizo zinaweza kuua. Ijumaa tarehe 31 mwezi wa tano 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tornado ilipanuka hadi kilomita 4,2, ikageuza njia ghafla na kuongeza mwendo. Ilikamata gari la Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Wote watatu walikufa.

Samaras hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Alikuwa mhandisi; mwaka 2003, huko South Dakota, aliweka chombo chake kwenye njia ya tornado, nacho kikapima kanieneo la hewa likishuka milibari 100 kwa mara moja. Wenzake walimjua kuwa ndiye mwangalifu kuliko wote.

Jioni ile barabara zilijaa wafuata tufani pamoja na wakaaji waliokuwa wanakimbia. Mwaka uliofuata, majira yalipofika, magari yenye kamera yalirudi tambarare.