Idd ya Ziwani: Sinia Lisilo Nazi

Jua la Kisumu huchelewa kutua. Adhana ya magharibi inaposikika Mombasa na watu wakatia tende vinywani, mwenye kufunga kule ukingoni mwa Ziwa Viktoria bado ana kama dakika 20 za kungoja. Lakini mwezi wa Mfunguo Mosi ukishaandama umeandama, na usiku huo wa mkesha moshi wa jikoni hupanda Kaloleni na Manyatta Arab ya Kisumu kama unavyopanda Kibokoni na Majengo ya Mombasa. Tofauti imo chunguni.

Sisi watu wa Pwani tuna neno tunalopenda kulisema juu ya ndugu zetu hao. Husema kwamba Idd ya Bara haina ladha. Ukiuliza sababu, hutaambiwa habari ya swala wala ya takbiri; utaambiwa habari ya nazi. Wali gani huo usiotiwa tui? Mkate wa sinia gani huo wa maziwa ya ng'ombe? Neno hili limesemwa kwa mzaha miaka mingi, lakini mzaha ukirudiwa sana huwa hukumu. Basi leo na tuipime hukumu hiyo, tuone kama ina haki.

Kwanza, jiko la Pwani lilifikaje ziwani? Lilifika kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu ilikuwa ikienda kwa Wawanga kutafuta pembe za ndovu, na pale ambapo leo ni Mumias pakawa kituo chao kikubwa, hasa zama za Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949. Kisha likaja gari la moshi. Reli kutoka Mombasa iligusa ziwa mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Pamoja na reli walikuja makuli na mafundi kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu wa Punjab. Walikuja makarani, wachuuzi na wapishi kutoka mwambao. Wakaja na Wanubi, vizazi vya askari wenye asili ya Sudan, waliofanya maskani Kibos na kwingineko. Wenyeji wa ziwani nao wakasilimu, na wengi wakaoleana na wageni hao. Hata leo ukifika Kendu Bay, mji mdogo wa kale ulio ng'ambo ya ghuba, utasikia Kijaluo kikisemwa msikitini bila ya ajabu yoyote.

Basi mama wa Kiislamu wa Kisumu amerithi majiko matatu au manne kwa pamoja. Amerithi pilau na kaimati kutoka mwambao, biriani na chapati kutoka kwa Wahindi, gurusa kutoka kwa Wanubi, ambayo ni mikate myembamba ya kumimina inayoliwa kwa chai asubuhi ya Idd, na samaki wa ziwa kutoka kwa bibi yake mzaa mama. Asichorithi ni mnazi. Nazi humfikia kwa lori, safari ya zaidi ya kilomita 800, na ikifika soko la Kibuye imekwisha kupanda bei, na mnunuzi hajui imekaa siku ngapi juu ya gunia. Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Mpishi hawezi kuweka sikukuu ya watoto wake rehani kwa kitu kilicho mbali.

Hapa, msomaji mpendwa, yafaa tukumbuke jambo ambalo tulilisoma chuoni tungali wadogo, mbele ya mwalimu na bakora yake. Kabla ya kupika chochote cha Idd-ul-Fitr, Muislamu hutoa fitri. Kipimo chake ni pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo, yaani vibaba vinne. Na pishi ya nini? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu wa mwambao, fitri hutolewa katika chakula kikuu cha mji ule. Sheria haikusema mchele wa kuletwa, wala haikusema chakula cha Makka wala cha Lamu. Imesema kile ambacho watu wa mji huo hula wakashiba. Lengo ni kwamba asubuhi ya Idd asibaki maskini mwenye njaa, na maskini hushiba kwa chakula akijuacho.

Ukilifikiri jambo hili utaona kwamba hukumu yetu ya nazi imeanza kulegea. Ikiwa ibada yenyewe, inayotangulia karamu, humtaka mtu atazame ghala la mji wake, itakuwaje karamu imtake atazame ghala la mji wa mwenziwe?

Na ghala la ziwani si tupu. Mchele upo. Uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, una mashamba ya mpunga ya kunyunyiziwa maji, ya Ahero tangu miaka ya 1960 na ya Kano Magharibi tangu miaka ya 1970. Mwenye kutaka harufu huongeza pishori ya Mwea. Sukari ipo pia. Kiwanda cha kwanza cha sukari katika Kenya kilijengwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922, kabla ya kile cha Ramisi ambacho wazee wa Kwale wangali wakikikumbuka na ambacho kilisimama mwaka 1988. Mbali na sukari nyeupe kuna sukari guru, ya rangi ya kahawia, inayopikwa katika vinu vidogo vya mashambani. Njugu hutoka upande wa Homa Bay, ndizi hushuka kutoka Kisii, na maziwa na samli hutoka kwa jirani mwenye ng'ombe.

Tuingie sasa jikoni. Mkesha wa Idd kazi hugawanywa. Mmoja huchambua mchele, mmoja hutwanga thomu na tangawizi, mmoja hukatakata vitunguu huku machozi yakimtoka. Pilau ya Kisumu haina siri: vitunguu hukaangwa mpaka viive rangi ya kahawa, maana hivyo ndivyo vitakavyoipa pilau rangi yake, kisha nyama iliyochemshwa, bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kisha supu, na mwisho mchele. Lakini kuna jambo moja ambalo mpishi wa Mombasa akienda huko hufundishwa na sufuria yenyewe. Kisumu imekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mahali palipoinuka hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 za joto, si 100. Maji yanatokota, lakini moto uliomo ndani yake ni mdogo. Kwa hiyo mchele hutaka muda zaidi na maji kidogo zaidi, na nyama ngumu hutaka subira. Wanawake wa huko hawakuhitaji kipimajoto ili kulijua hilo. Hufunika sufuria kwa mkazo, hupalia makaa juu ya kifuniko, na huacha kuchungulia.

Vitamu ndivyo vinavyowakesha watu. Kaimati huanza kwa unga wa ngano, hamira, sukari chembe na vuguvugu la maji. Mwambao wengine hutia tui, na ziwani hutiwa maziwa lala, ambayo huipa kaimati ulaini na uchachu mdogo. Unga hupigwa kwa mkono mpaka uanze kuvuta, kisha hufunikwa uumuke. Huchotwa kwa vidole na kudondoshwa katika mafuta ya moto mmoja madonge kwa madonge, na mkono usiozoea hutoa mikia badala ya duara. Shira huchemshwa pembeni kwa sukari, maji na hiliki mpaka inate vidoleni, ndipo kaimati huvingirishwa ndani yake.

Mkate wa sinia ndio unaoleta ubishi. Kwetu Pwani mchele hurowekwa, ukasagwa pamoja na tui, ukatiwa hamira, sukari na hiliki, ukaokwa kwa makaa juu na chini. Mama wa Kisumu hufanya yayo hayo kwa maziwa mazima yaliyopunguzwa kwa moto, na hupaka sinia samli ili mkate usishike. Hautakuwa na ule utamu wa nazi, na hakuna haja ya kusema uongo kwamba unao. Utakuwa mwororo, mweupe, wenye harufu ya hiliki na ukingo wa kahawia unaogombewa na watoto. Kashata nazo, ambazo kwetu nyingi ni za nazi, huko ni za njugu: njugu hukaangwa, zikapepetwa maganda, zikamiminiwa sukari guru iliyoyeyuka, zikakatwa vipande kabla hazijakauka. Juu ya hizi, nakiri kwamba sijaona za kwetu zinazozishinda.

Tambi hukaangwa kwa samli zikatiwa sukari na zabibu. Halua peke yake ndiyo isiyopikwa nyumbani, kwani wanga, sukari na samli hukorogwa kwa saa nyingi bila mkono kupumzika. Hiyo hungojwa na msafiri kutoka Mombasa.

Sasa turudi kwenye mizani. Sisi tunaotetea nazi kama kwamba ilishuka pamoja nasi, tukumbuke kwamba tende tunayofungulia haioti Mombasa. Pilau ni jina la Kiajemi lililotufikia kupitia Bara Hindi. Kaimati ni luqaimat ya Waarabu, maana yake matonge madogo. Wataalamu wa mimea wanatueleza kwamba hata mnazi wenyewe uliletwa mwambao na mabaharia wa zamani kutoka pande za Asia. Bibi zetu walipokea vya wageni wakavichanganya na vya kwao, na sisi tukaviita vya asili. Alilofanya bibi yetu wa Mombasa ndilo alilofanya bibi wa Kisumu. Iweje moja liwe utamaduni na la pili liwe upungufu?

Kinachotishia sinia la Idd ni kitu kingine kabisa, na hicho hakina Pwani wala Bara. Ni keki ya kununua. Siku hizi mkesha wa Idd, Kisumu kama Mombasa, maduka hujaa watu wanaochukua keki na biskuti za boksi. Simlaumu anayetoka kazini usiku akiwa hoi. Lakini kaimati haijaandikwa vipimo vyake popote katika nyumba nyingi. Imo katika vidole vya mama. Mtoto huijifunza kwa kusimama kando ya karai, kuunguzwa kidogo, kuchekwa kwa mikia yake na kujaribu tena. Nyumba ikipitisha sikukuu kumi bila karai kuwekwa motoni, binti wa nyumba hiyo, na mvulana pia, atakuwa mtu mzima asiye na cha kumfundisha mwanawe. Tui likikosekana, maziwa yapo. Mkono ukikosekana, hakuna duka linalouuza.

Na kuna hasara ya pili. Sinia la Idd halipikwi kwa ajili ya nyumba moja. Baada ya swala na kupeana mikono, watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kawa. Kisumu sahani hizo huwa na safari ya namna yake, kwa kuwa nyumba nyingi za Waislamu wa huko zina ndugu wa damu walio Wakristo: mjomba, shangazi, bibi mzaa mama aliyeko kijijini. Kwao pia hupelekwa pilau na kaimati, na wao wenyewe huja wakaketi mkekani. Sahani hairudi tupu. Hurudi na mayai, au njugu, au kuku aliye hai miguu imefungwa, ili mwenyeji amchinje kwa mkono wake. Mjomba huyo hakufundishwa fikihi, lakini anajua ni nini mpwa wake anaweza kula na nini hawezi, na huona ni adabu kumtunzia. Adabu hiyo imejengwa kwa sahani kwenda na kurudi miaka nenda miaka rudi. Keki ya boksi hupelekwa mara chache, kwani mtu huona haya kumpa jirani kitu ambacho jirani angeweza kukinunua mwenyewe.

Gari la moshi la abiria kati ya Nairobi na Kisumu, lililokuwa limesimama miaka kadhaa, lilirudi mnamo Desemba 2021. Atakayelipanda kwenda kula Idd na jamaa zake wa ziwani, na achukue halua, na nazi mbili tatu akipenda, kama zawadi ya mgeni. Asizichukue kama dawa ya kumponya mwenyeji. Na akitandikiwa mkeka, akaletewa mkate wa sinia wa maziwa, aseme Bismillahi na ale. Haya ndiyo niliyowatungia ndugu zetu hao:

Nazi haimei Bara, mti wake ni wa pwani,
Si nakisi si hasara, kukosa tui chunguni,
Sinia lililo bora, hufikia majirani,
Mpishi mwenye busara, hupika kilicho ndani.