Kontra: Utangulizi wa Lugha ya Dau katika Karata

Msomaji wa Butembo na Beni, karata zenyewe unazijua, huenda kwa majina ya Kifaransa; aina zake nne Waswahili wa pwani huziita kopa, uru, shupaza na pau. Taaluma ninayokuitia huchunguza maneno yanayotamkwa kabla karata ya kwanza haijatupwa mezani.

Mnunuzi wa kakao Beni akipandisha bei, hutoa pesa. Mchezaji akipandisha dau, hutoa ahadi. Katika belote ya dau, wanne hucheza wawili wawili. Anayesema 80 ameahidi kwamba yeye na mwenzake watapata angalau 80 kati ya pointi 162, kwa turufu aliyoitaja. Mpinzani asiyeamini husema "kontra": thamani ya mchezo huwa maradufu, na kwa kanuni za kawaida mlango wa dau hufungwa. Maana yake hapo ni moja tu: hamfiki.

Katika briji, ambayo Harold Vanderbilt wa Marekani aliipa hesabu zake mpya mwaka 1925, neno hilohilo lina utajiri zaidi. Msamiati wote wa dau ni kauli 38: madau 35, pasi, kontra, na kontra ya kujibu kontra. Kwa kauli hizo chache mtu humweleza mwenzake karata 13 asizoziona. Wapinzani wakifikia kopa nne, yaani wameahidi kula mizunguko kumi, kontra yako kwa kawaida ni adhabu. Lakini mpinzani akifungua kwa kopa moja, na mwenzako hajasema lolote, kontra yako ni ombi: nina nguvu, kopa sina za kutosha, taja aina yako. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni wakati wake, na nani amekwisha kusema.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni uwazi. Makubaliano ya siri yamekatazwa: mpinzani ana haki ya kuuliza dau lenu lina maana gani, naye ajibiwe kweli. Hata sauti haitakiwi kudokeza, ndiyo maana mashindanoni madau huoneshwa kwa vikadi.

Basi tafuta wenzako watatu, gaweni karata zote 52 za briji, na andika daftarini kila kauli kwa mpangilio ilivyotolewa, pasi zikiwemo. Daftari hilo ndilo matini yako ya kwanza. Lisome kabla ya kufungua sura inayofuata.