Macho ya Watoto na Hofu ya Miwani: Sehemu ya Pili

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza jinsi mwanga unavyoingia jichoni na kutua juu ya retina, yaani utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo, sehemu hii inamgeukia mzazi, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua kama mtoto atapimwa macho, na kama miwani aliyoandikiwa itavaliwa au itabaki kabatini.

Katika kisiwa cha Funzi, ambako wengi huishi kwa uvuvi baina ya bahari na mikoko ya upande wa mto Ramisi, ni rahisi mzazi kuyapima macho ya mwanawe kwa kipimo cha bahari: mtoto akiitambua mashua ya ami yake ingali mbali, huhesabiwa kuwa mzima wa macho. Kipimo hicho si cha kudharauliwa, kwani humfichua mtoto mwenye tatizo la kutoona mbali, ambaye aghalabu jicho lake ni refu kuliko kawaida, hata picha ya kitu cha mbali ikajikusanya kabla ya kuifikia retina. Lakini kipimo hichohicho humpitisha mtoto mwenye tatizo lililo kinyume, la kutoona karibu, ambaye jicho lake ni fupi na hulazimika kulikaza mno kila anapotazama kilicho mkononi. Mtoto huyo huiona mashua vizuri, kisha akiketi chuoni na juzuu mapajani huchanganya be, te na the, herufi zenye umbo moja zinazotofautishwa kwa nukta tu. Baada ya mistari michache kichwa humuuma, macho hulengwa na machozi, na maalimu humhesabu kuwa mzito wa kusoma. Mzazi naye akiambiwa kwamba mtoto ana tatizo la macho hukataa, na ana sababu ya kukataa, kwa maana amemwona ufukweni kwa macho yake mwenyewe.

Mtoto hasemi, kwa kuwa hajapata kuona kwa namna nyingine na hudhani watu wote huona kama yeye. Hatari huzidi jicho moja linapokuwa dhaifu kuliko la pili, kwa sababu ubongo huzoea kulitegemea lile zima na kuliacha hili jingine bila kazi. Hali hiyo huitwa jicho vivu, na tiba yake hufaa zaidi kabla mtoto hajafikisha takriban miaka 7 au 8. Kumsubiri mtoto akue ndipo apimwe ni kuupoteza muda ambao haurudi.

Hofu iliyoenea kuliko zote ni kwamba miwani huyadhoofisha macho, nayo ina chanzo kinachoeleweka: mtoto aliyezoea kuona sawasawa akiivua miwani hulalamika kuliko zamani, kwa kuwa sasa anayo picha safi ya kulinganishia. Jicho halikuharibika. Utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto wasioona mbali waliopewa kwa makusudi lenzi hafifu kuliko walizohitaji, tatizo lao liliongezeka haraka kuliko la wenzao waliopewa lenzi kamili.

Bei nayo ni kikwazo, ila si kikwazo pekee. Katika utafiti wa shule za sekondari za Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2008, miezi mitatu baada ya wanafunzi kupewa miwani bure, asilimia 47 tu ndio walioivaa au kuwa nayo shuleni. Kwa wale waliopewa cheti cha kwenda kununua, ilikuwa asilimia 26. Kilichobaki ni haya ya mtoto mbele ya wenzake, na hofu ya mzazi, hasa wa binti, kwamba miwani itamtangaza mwanawe kuwa na kasoro.

Njia ya kumfanya mzazi achukue hatua ilionekana Kitale, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambapo walimu waliwapima wanafunzi kwa simu, wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi na kupelekewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyoona. Kati ya watoto waliogunduliwa kwa njia hiyo, asilimia 54 walifika hospitalini, dhidi ya asilimia 22 ya waliopimwa kwa chati ya kawaida na kupewa barua tu. Mzazi alihitaji kuonyeshwa, na alipoonyeshwa alitenda.

Kwa mkazi wa Funzi, safari ya kuvuka kwa mashua hadi Bodo, kisha kwa bodaboda hadi barabara kuu, ni gharama ya kweli. Hata hivyo Msambweni kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na upande wa Diani kuna Kituo cha Macho cha Kwale, kinachohudumu tangu miaka ya 1990. Wazazi wampeleke mtoto akapimwe kabla hajaanza darasa la kwanza. Na yule ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, au aliyeanza kuwa na makengeza, apelekwe wiki hiyohiyo.